Karakana Ifungwe

Tangu mtoto wa seremala achague somo la biashara kidato cha tano, hakuna aliyemwita tena kwa jina lake. Mtaa mzima ulimwita Meneja, na alijitakia mwenyewe. Nani alimtuma amwulize muuza nyanya habari za mkakati wake wa soko, na mama wa watu ana foleni ya wateja? Nyumbani napo palikuwa hapakaliki. Akikuta taa inawaka mchana, anataja gharama. Baba yake akimkaribisha chai fundi mwenzake, anauliza faida iko wapi. Baba mtu, mwenye maneno machache na mikono mipana, alicheka tu. Yeye peke yake ndiye aliyebaki kumwita Mama, kwa kuwa msichana huyo alirithi jina la bibi yake mzaa baba, na hakuwahi kumwita vingine, awe amefurahi au ameudhika.

Mwalimu wa biashara hakuwa mtu wa kubembelezwa. Alimtaka kila mwanafunzi atafute biashara halisi inayoyumba, aichunguze, kisha asimame mbele ya darasa atoe pendekezo. Meneja alikuwa ameboronga zoezi la kwanza, na aliambiwa kinagaubaga kwamba akiboronga na hili, atalihama somo. Akazunguka mji mzima kutafuta biashara inayoyumba, kumbe analala nayo ukuta kwa ukuta. Karakana ya baba yake ilikuwa inayumba vizuri kabisa.

Hakumwambia. Hapo ndipo alipokosea, na sioni sababu ya kumfichia. Aliiita Karakana X, akaihamishia mji mwingine, akamfanya mwenye mali kuwa mzee asiye na mtoto, akajiona mjanja kuliko wote. Ila jambo moja lilimshinda kubadilisha, kwa kuwa lilikuwa tamu mno. Baba yake akimaliza kiti, hakiuzi mpaka akikalie mwenyewe kutwa nzima. Atakikalia akinoa patasi, atakikalia akila, atakikalia akiongea na wageni, huku ametega sikio kama kuna mahali panalia. Mteja aje na haraka zake, ataambiwa kiti bado kinakaliwa. Kitabu cha Meneja kililipa jambo hilo jina zito, upotevu wa muda wa uzalishaji, na yeye alikuwa na hamu ya kulitumia.

Asubuhi ya siku yenyewe baba alimwambia amepata kibarua mahali. Meneja alikuwa anarudiarudia hotuba yake kichwani, akaitikia bila kusikia ni wapi.

Mlango wa nyuma wa darasa lao ulikuwa unaning'inia kwa bawaba moja tangu muhula uanze. Meneja alikuwa ndiyo kwanza amemaliza utangulizi pale mlango huo uliposukumwa taratibu, na mtu akaingia kinyumenyume akivuta sanduku la vifaa. Alipogeuka, alikuwa baba yake.

Mwalimu alieleza kwamba mkuu wa shule ameleta fundi, na fundi hamzuii mtu kuongea. Baba alimtazama mwanawe amesimama mbele ya watu na karatasi mkononi, uso ukamchanua kwa fahari, kisha akauinamisha haraka asimvuruge. Akachuchumaa mlangoni, akaanza kufungua skrubu polepole, ili zisipige kelele.

Meneja aliomba amalizie kesho. Mwalimu akasema leo au basi.

Akajikaza. Alizungumzia bei ya mbao, akazungumzia kiwanda kinachouza viti rahisi, mambo ambayo yangeweza kumhusu seremala yeyote duniani. Alipofika kwenye kiti, alikiruka. Lakini mwalimu alikuwa na nakala ya ripoti mezani.

"Umeruka habari ya kiti," alisema. "Hiyo ndiyo hoja yako kubwa. Ieleze."

Meneja akaieleza, macho kwenye karatasi. Darasa lilianza kucheka kabla hajamaliza, na mvulana mmoja mwenye mdomo mwepesi akasema, "Huyo mzee anaatamia viti, anasubiri kutotoa vigoda." Watu wakavunjika mbavu. Hata mwalimu aliuma midomo. Kule nyuma bisibisi ilikuwa imesimama, na yule fundi aliyewapa mgongo alikuwa hatikisiki.

"Pendekezo?" mwalimu aliuliza.

Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema mzee atangaze kazi yake, au akope, lakini ripoti ilikuwa pale mezani na mwalimu angemchana vipande. Isitoshe, na hili ndilo lililomuuma zaidi, aliamini alichoandika. Alikuwa ameona wateja wakipita mbele ya karakana wamebeba viti vya kiwandani.

"Karakana ifungwe," alisema. "Fundi atafute ajira."

"Rudia. Wa nyuma hawakusikia."

Akarudia.

Baba alimaliza bawaba. Alifungua mlango, akaufunga, akaufungua tena, akasikiliza, kisha akakusanya vifaa vyake na kumwambia mwalimu kwamba kazi imekwisha. Halafu akamgeukia Meneja, kwa adabu ileile ambayo mtu humpa mgeni.

"Samahani, binti. Nimekukatiza."

Binti. Meneja alielewa papo hapo. Baba yake alikuwa anamkana ili wenzake wasijue kwamba yule mzee wa kuchekwa ni wa kwake.

"Mwalimu, hakuna mji mwingine," alisema. "Karakana ni ya huyu. Ni baba yangu."

Yule mwenye mdomo mwepesi akaanza kutafuta kitu chini ya dawati. Mwalimu alivua miwani, akamwuliza fundi kama ana la kusema. Fundi alijikuna kidevu kwa bisibisi, akasema mengi aliyoyasikia ni kweli, wateja wamekimbia na haoni dalili ya kurudi.

"Ila kiti nitakikalia," alisema, akatoka.

Alama alipata nzuri, kama mnataka kujua, lakini hakuzitazama. Alirudi nyumbani miguu mizito, akijua kwamba baba hapigi wala hagombi, na kwamba kimya chake ni kibaya kuliko vyote viwili.

Alimkuta karakanani amekalia kiti kipya, kingine kama hicho kiko pembeni. Baba alimwambia alete ile ripoti asome yote, kwa kuwa utangulizi hakuusikia. Meneja akasoma amesimama, sauti inamkatika. Alipofika kwenye pendekezo, akashindwa.

"Mbona umeishia njiani?"

"Baba, nisamehe."

Baba alinyoosha mguu, akakisukuma kile kiti cha pili mpaka kikamgusa mwanawe magotini.

"Kalia hicho, Mama. Tukikalia wawili, muda unaopotea utakuwa nusu. Kisha unisomee hapo pa kufunga, polepole, tupaongee."

Meneja akakaa. Mguu wa nyuma wa kiti ulilia kidogo, na wote wawili waliusikia.