Jino la Mjomba na Wimbo wa Mwisho

Mjomba wangu, mpiga saksafoni, alikuwa amebakiza wimbo mmoja tu akamilishe albamu yake ya nyimbo za zamani za soul, ule muziki wa Wamarekani weusi. Tatizo lilikuwa jino la mbele analoegemezea mdomo wa saksafoni, maana lilikuwa linacheza kuliko mashabiki wake. Daktari alitaka kuling'oa, Mjomba akagoma katakata. Bila jino hilo sauti ingeyumba.

Siku ya kurekodi tukajaa studio, naye akapiga wimbo ule wa mwisho. Kwenye noti ndefu ya mwisho alifumba macho, shingo ikamvimba, lakini sauti haikukatika.

"Mzee, turudie," fundi mitambo akasema. "Pale mwisho umeingiza kilio."

Mjomba akatema jino kiganjani. "Rudia wewe, baba. Mimi nimemaliza."

Kilio tukakiacha kwenye albamu.