Nta ya Ipole na Gari la Nikolaus

Nitasema ukweli: mimi Pelagia nilikuwa simpendi Nikolaus. Si kwamba alikuwa mbaya, la. Alikuwa kijana mpole wa Sikonge, aliyeanza kazi kama taniboi wa malori ya tumbaku mpaka akawa fundi mjini Tabora. Kosa lake lilikuwa gari. Mzungu mmoja aliyerudi kwao alikuwa ameacha uani kigari chekundu cha mbio, hakina paa, nyasi zimeota mpaka kwenye usukani. Nikolaus akakichukua, akakifufua kipande kwa kipande kwa misimu miwili ya mvua. Mtu mwingine angenunua baiskeli akaishi kwa amani.

Kisha akamposa Imakulata, binti wa kaka yangu Shilinde, niliyemlea mimi hapa Ipole tangu mama yake alipofariki. Shilinde, mfugaji wa Choma, akamuuliza kijana binti yake atafikaje kanisani Tabora. "Kwa gari langu, baba," akajibu kijana. Malori ya abiria yalikuwapo, lakini mwanamume akishatamka gari lake mbele ya mkwe, lori linakuwa matusi.

Mara ya kwanza alipotarajiwa kuja kumchukua, tulipika, tukamsuka bibi harusi, tukangoja. Gari likazimika porini, wageni wakala wakaondoka, na Imakulata akalala akilia. Shilinde akaapa kwamba ya pili ndiyo ya mwisho. Safari hii, jua likifika utosini gari halijaondoka, atamchukua binti yake aende naye Choma, na posa irudi kwa mwenyewe. Kaka yangu haapi ovyo.

Basi asubuhi ile, siku moja kabla ya harusi, niliposikia mngurumo ukitokea upande wa Sikonge nilitaka kupiga vigelegele. Bahati nzuri nilijizuia. Gari lilikuja likikohoa, likatema moshi mweusi, likafika mbele ya jiko langu likanyamaza.

Nikolaus akashuka, vumbi mpaka kwenye kope. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Limekufa?"

"Halijafa. Ni plagi."

Plagi, akanieleza huku akizifungua, ndizo zinazotupa cheche ndani ya injini. Pasipo cheche, petroli haiwaki. Akazitoa zote nne. Moja kauri yake ilikuwa imepasuka, na zilizobaki zilikuwa na masizi kama tako la chungu changu. Alikuja na mpya, ila za gari lile hasa alizikosa Tabora nzima, kwa hiyo alikuwa na za aina mbili, fupi za pampu ya maji na ndefu za lori. Akazipanga juu ya kanga yangu kuukuu.

"Fupi hazifiki ndani vizuri, zitashika masizi kabla ya Sikonge," akasema. "Ndefu cheche yake safi. Lakini pistoni ikipanda ikazigonga, injini imekwisha."

Akashika ndefu, akaiweka. Akashika fupi, akaiweka. Shilinde alikuwa ameketi kwenye kigoda na fimbo yake, jicho moja kwa kijana, jicho moja kwa jua.

"Mchagua jembe si mkulima," akasema.

Nikolaus akaishika tena ndefu, akaiweka tena. Imakulata alisimama mlangoni ameuma pindo la kanga. Hapo ndipo nilipomhurumia yule kijana kwa mara ya kwanza, na huruma ile ilinikasirisha.

"Shangazi," akasema, "una nta?"

Kumuuliza mtu wa Ipole, kijiji cha warina asali, kama ana nta! Nikamletea bonge zima. Akamega, akaifinyanga mpaka ikalainika, akaibandika kwenye ncha ya plagi ndefu. Akaifunga polepole, akazungusha injini kwa hendeli, taratibu, kisha akaifungua. Wote tukainama kutazama. Nta ilikuwa imepondeka, na katikati yake chuma kinang'aa.

"Imegusa," Nikolaus akasema. "Kidogo, lakini imegusa."

Shilinde akainuka. "Imakulata, funga mzigo."

"Kaka, jua halijafika!" nikamfokea. "Uliapa kwa jua, sasa lingoje jua."

Akaketi. Nikolaus bado alikuwa anaitazama ile nta. Halafu akanigeukia macho yamemtoka. "Shangazi, una senti tano?"

Senti za wakati ule zilikuwa na tundu katikati, nasi tulizitunga kwenye uzi. Nikavua wangu shingoni. Akachagua sarafu nne, akazipanua matundu kwa tupa ya mviringo na kuzipunguza kingo, ili kila plagi ivae moja shingoni kama pete na isizame sana. Jina la Mfalme wa Uingereza lililoandikwa juu yake likageuka unga wa shaba mlangoni pangu. "Naye kachangia harusi," nikasema. Hakuna aliyecheka. Vivuli vyetu vilikuwa vimeshafupika.

Akabandika nta nyingine, akafunga, akazungusha, akafungua.

"Imebaki!" Imakulata akapiga kelele, mbele ya baba yake, bila haya. Kweli nta ilikuwa imebaki ncha nzima, haijaguswa.

Akapima mianya ya cheche kwa kipande cha pakiti ya sigara, akazifunga plagi kwa vidole kwanza, ndipo akagusa spana. "Ukikaza kwa hasira unaharibu nyuzi za tundu la plagi," akaniambia, kana kwamba mimi ndiye ninayekaza. Hendeli ya kwanza, kimya. Ya pili, kikohozi. Ya tatu, gari likanguruma mpaka kuku wangu wakakimbilia kwa jirani.

Nilipiga vigelegele mpaka koo likauma. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa nimechoka kama niliyelisukuma gari lile kutoka Tabora. Shilinde akalitazama jua, akamtazama kijana. "Haya," akasema. Haya ya Shilinde ni baraka nzima.

Ndipo nikakumbuka. Kwetu binti hatoki na mchumba peke yao kabla ya ndoa, na lile gari lilikuwa na viti viwili. Fundi wetu alikuwa amefikiria kila chuma, amesahau watu. Wengine wangefuata na lori la jioni, lakini mimi ilinipasa kwenda na bibi harusi.

Nikaingia, nikaketi, nikapiga mapaja yangu. "Njoo, mwanangu."

Nikampakata kama siku ya ubatizo wake, tukaishika njia ambayo babu zetu waliipita na pembe za ndovu mabegani. Kabla ya Sikonge miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi yote miwili. Nikolaus akaniuliza kama asimame nijinyooshe.

"Thubutu kulizima!" nikamwambia. "Twende, baba. Twende hivyo hivyo."