Dubstep bora nilizowahi kusikia nikiwa na mashine ya salfa mgongoni, Mkunya

Wakuu, salamu kwenu nyote, hasa mlioko kazini mkijifanya mnafanya kazi.

Kila nikiingia kwenye jukwaa hili la muziki nakuta mtu kapanga dubstep zake bora na remix zake bora, kumi bora, ishirini bora. Wengi mnasikiliza kwa headphone za maana, mmejilaza kitandani. Sibishi.

Ila mimi nilizipimia mahali ambapo sidhani kama kuna mtu amewahi kuzipimia, na kipimo chenyewe nusura kimharibie mama wa watu mwaka mzima. Nasimulia kama ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni Mmakua wa Lupaso, Masasi. Shule niliiacha kidato cha pili. Sikufukuzwa, miguu ilikuwa inaniwasha tu. Nimevuna chumvi, nimejengea makaburi, nimeendesha mashine ya kukoboa, nimejifunza kunyoa nikasahau. Nikisikia kitu kinalia lazima nijue kwa nini kinalia.

Dubstep nilikutana nayo Masasi mjini, kwa jamaa anayejaza nyimbo kwenye memory card. Nilimwambia nataka nyimbo ambazo hamna mtu analalamika kuachwa. Akacheka, akanijazia.

Zote zilikuja na namba tu. Track 1, Track 2, mpaka hamsini na kitu. Kwa hiyo majina mtakayoyaona hapa nimezipa mwenyewe. Msinishambulie.

Mwezi wa sita nikapanda Newala kutafuta kazi ya kupulizia mikorosho.

Kwa mnaoijua korosho ikiwa kwenye pakiti tu: mkorosho ukitoa maua, unaingia ugonjwa unaitwa ubwiriunga. Maua yanakuwa kama yamemwagiwa unga, yanakauka, na korosho hupati. Dawa yake ni salfa, unga wa njano, unaopulizwa kwa mashine ya petroli unayoibeba mgongoni. Kazi inafanyika alfajiri, majani yakiwa na umande na upepo haujaamka. Jua likipanda upepo unaanza, na salfa yako inakwenda kumtibia jirani.

Mashine niliyopewa ilikuwa ya Baba Saidi, mzee wa kijiji cha Mkunya, hukohuko Newala. Mashine moja, nyumba nyingi, kwa zamu.

Sasa shikeni hili. Baba Saidi haifuati mashine yake shambani. Anakaa barazani kwake na chai, anaisikiliza. Kwa mlio tu anajua umefika mti wa ngapi, umempunja nani, umekaa wapi. Mpuliziaji aliyenitangulia alifukuzwa kwa sababu mzee alisikia mashine inanguruma chini ya mti mmoja muda mrefu. Alipokwenda kuangalia, jamaa anatongoza.

Na si yeye peke yake. Kule kila mtu ana masikio hayo.

Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa zamu ya Mama Rehema. Ni mama wa makamo, mjane, ana mikorosho thelathini na miwili. Mwaka uliotangulia zamu ilimpita, ubwiriunga ukamla maua yote, akaokota korosho za kujaza sufuria moja.

Tulipoonana kwenye ukungu wa alfajiri alinishika mkono. "Mwanangu, leo ndiyo leo yangu. Kesho mashine inavuka bonde. Ikirudi, maua yameshakwisha."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Nilikuwa na spika ndogo ya bluetooth, nimeifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye fremu ya mashine, karibu na sikio. Utafiti wangu ulikuwa huu: bongo fleva inamezwa na injini, taarabu inamezwa, kwaya ndiyo kabisa. Dubstep haimezwi, kwa sababu yenyewe ni injini. Ndiyo maana naamini hakuna kipimo cha haki zaidi ya hiki.

Miti minane nikapiga kimya kimya. Wa tisa nikawasha muziki.

Namba tatu kwangu ni Jogoo wa Umeme. Nzuri, ila inachelewa kufika kwenye drop, pale bass inapoanguka. Unaweza kumaliza mti mzima bado inajiandaa.

Namba mbili ni remix, Dada Aliyeachwa Stendi. Mwanamke anaimba kwa huzuni, mara anatokea simba wa bati anamla. Pale nilitokwa na machozi. Inawezekana ilikuwa salfa.

Namba moja ni Trekta Kwenye Matope. Hiyo sina maelezo yake. Bass ilinipita mgongoni ikatokea magotini. Nikafumba macho, nikawa napulizia kwa hisia.

Nilipofumbua, Baba Saidi anakuja mbio katikati ya mikorosho, msuli na sweta, kikombe cha chai bado mkononi.

Kwetu huwezi kumwamkia mzee huku muziki unapiga. Kwa hiyo nikazima spika kwanza, halafu mashine, halafu nikatoa shikamoo yangu kwa adabu zote. Hiyo adabu ndiyo iliyoniponza.

Akaitikia marahaba, akaniuliza, "Mashine inakata roho na wewe umeibeba tu kama mzigo wa kuni, we Mmakua?"

Akaishusha, akachomoa plagi, akaisugua, akairudisha na kuvuta kamba. Ikalia vizuri kama mashine mpya. Akaniambia nisiibanie resi, akarudi kwenye chai yake.

Wakuu, nawaapia, hapo nilikuwa bado sijaelewa. Nilidhani kweli plagi ilikuwa chafu. Na kwa kuwa drop ilikuwa imenipita, nikaurudisha wimbo mwanzo.

Miti miwili baadaye mzee huyo tena, safari hii na Mama Rehema nyuma yake. Nikazima spika, nikazima mashine. Mama Rehema akavua khanga ya mabegani, ikatandikwa chini, na kabureta ikaanza kufunguliwa juu yake.

Nikauliza kwa upole, "Kwani inalia vipi, baba?"

"Inapanda," alisema. "Wiiii, inapanda, inapanda. Halafu kimya."

"Kimya kidogo tu," Mama Rehema alidakia. "Halafu inatapika. Wob. Wob-wob. Wobwobwob, krrrr."

"Hiyo krrrr inakuja mara mbili, Mama Rehema."

"Mara tatu. Mimi nilikuwa karibu."

Wakaanza upya pamoja ili waelewane, mzee anapandisha, mama anaangusha.

Nikaitambua. Ilikuwa Trekta Kwenye Matope, kuanzia mwanzo, pamoja na ule mkwaruzo wa katikati ambao mimi mwenyewe nilikuwa sijauzingatia. Nimesikia remix nyingi. Ile ya mama na mzee mbele ya kabureta iliyofunguliwa haijafikiwa na yeyote.

Ila sikuweza kucheka. Baba Saidi alikuwa ameshatoa hukumu: piston imekwisha, anaipeleka mashine kwa fundi Newala mjini. Leo basi.

Mama Rehema aliangalia mikorosho yake. Kama ishirini hivi ilikuwa bado, maua yamefunguka yote, na jua limeshagusa vilele. Akakaa chini kwenye mchanga.

Nitasema ukweli, niliwaza kunyamaza. Piston ingelaumiwa, mimi ningebaki na kazi. Niliwaza hivyo kama sekunde kumi, sijivunii hata moja kati ya hizo.

Kisha nikatoa simu. "Baba, piston haina kosa. Ni mimi." Nikawasha spika, nikaupiga ule wimbo.

Waliusikiliza wote mpaka drop ikaisha. Mama Rehema akahesabu kwa vidole, akamgeukia mzee. "Si nilikwambia mara tatu."

Baba Saidi akaitazama simu. "Hii watu wanaisikiliza kwa hiari yao?"

"Ndiyo, baba."

"Wakiwa wazima?"

Nikasema ndiyo, ingawa kwa wakati ule sikuwa na uhakika.

Hakunigombeza. Alisema maneno yatakuja baadaye, sasa turudishe kabureta. Ndipo tukagundua kaspringi kadogo ka ndani yake hakaonekani. Tukainama watu watatu, pua kwenye mchanga, jua linapanda. Mama Rehema alikakuta kwenye pindo la khanga yake.

Mashine iliponikaa mgongoni sikutembea, nilikimbia. Mti baada ya mti, bila wimbo. Nilisikia injini yenyewe kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, na nakiri ina utamu wake.

Kufika wa ishirini na nane, upepo ukaamka. Nikaulenga wa ishirini na tisa, salfa ikanirudia yote usoni. Nikajaribu tena, ikanirudia tena. Baba Saidi akainua mkono kunizuia.

Minne ikabaki. Kesho yake mashine ikavuka bonde, nami nikavuka nayo. Spika ilibaki kwa mzee msimu mzima.

Mwezi wa kumi Mama Rehema akatuma neno nifike. Nikajua nakwenda kushukuriwa, nikavaa shati zuri.

Tulipita chini ya ile mikorosho ishirini na nane. Mabibo mekundu na ya njano yamejaa chini mpaka unachagua pa kukanyaga. Nikaanza kumpongeza, yeye hakusimama. Akaendelea kutembea mpaka ukingoni, kwenye ile minne.

"Hii ni yako," alisema. "Okota."

Nilizunguka minne yote, nikafukua majani, nikatikisa matawi. Nikapata korosho za kofia moja, na kofia yenyewe haikujaa. Yeye alikuwa amekaa pembeni ananitazama, hana haraka.

Nilipomaliza aliichukua kofia, akazikaanga mwenyewe pale nyumbani kwake, tukazila zote pamoja. Nyingi alikula yeye.

Nilichojifunza: ukipeleka muziki wako kwenye kazi ya mtu, ujue kuna mwingine anaisikiliza kazi hiyo, na maisha yake yamo humo.

Haya, uwanja wenu. Mwenye kujua jina halisi la wimbo unaopanda wiiii, kimya, halafu krrrr tatu, aliweke hapa. Na aliyewahi kuharibu kazi ya watu kwa sababu ya drop, ajitokeze, nisiwe peke yangu.