Mlinzi wa Seva za Musoma, Bunda na Butiama

Siku yangu ya kwanza kazini, makao makuu ya shirika letu la afya pale Musoma, Mkuu wa Kitengo alinionyesha kioo cheusi chenye maandishi meupe. Hakukuwa na picha wala kipanya. "Hapa unaandika amri, mashine inajibu," alisema. "Ukikosea, usimlaumu mtu." Nilipenda kazi hiyo palepale, na sijaacha kuipenda.

Ninyi vijana mmezoea vioo vyenye grafu za rangi. Sisi pia tuliwahi kuletewa programu ya namna hiyo ya kuchunga seva, yaani zile kompyuta zinazotunza taarifa za wagonjwa wote. Tulipoiweka kwenye seva kuukuu ya kituo cha Bunda, ikala kumbukumbu ambayo mashine inafanyia kazi, mpaka mapokezi wakashindwa kuandikisha wagonjwa. Mganga Mfawidhi wa pale alinipigia akifoka, "Mama Bhoke, hilo dubwana lako linamlinda nani?"

Nikaling'oa. Badala yake nikaweka programu ndogo inayofanya kazi chinichini, isiyo na dirisha lolote. Unaiwasha kwa amri moja, halafu unaiandikia masharti katika faili la kawaida: diski ikikaribia kujaa, nitumie ujumbe; kanzidata, yaani ghala la taarifa za wagonjwa, ikianguka, iinue. Mashine haikuhisi hata uzito wake. Chuoni tulifundishwa kwamba mlinzi mzuri hunyamaza mambo yakiwa shwari, na wangu alinyamaza kweli. Niliringa.

Mkurugenzi, mzee wa Suguti, hakuridhika.

"Huyu mlinzi wako ananyamazaga wiki nzima. Nitajuaje kama yuko hai?"

"Kukiwa na tatizo atasema, Mzee."

"Na akiwa amekufa, atasemaje? Kwetu mtu tunayeonanaga naye kila asubuhi, siku asipotusalimia tunamfuata kwake. Mwambie anisalimie."

Nilinung'unika, lakini agizo la mkubwa ni agizo. Nikaongeza sharti: kila asubuhi, kila seva iandike faili dogo kwenye diski yake, ilisome, na ikifaulu itume ujumbe kwa Mkurugenzi na kwangu: "Shikamoo Mzee. Bunda tuko salama." Ofisi nzima ilinicheka. Mhasibu akawa ananiuliza kama mashine zangu zimeshapiga magoti.

Asubuhi moja Musoma ikasalimia, Bunda ikasalimia. Simu yangu ikaita.

"Butiama hajanisalimia," Mkurugenzi alisema.

"Labda mtandao, Mzee."

"Mfuate."

Nikampigia Mganga Mfawidhi wa Butiama. Akasema mashine inawaka na majina ya wagonjwa yanaonekana, ila kuandikisha wapya ndiyo inagoma. Nikaingia kwenye seva yake kutoka Musoma, nikaiamuru iunde faili. Ikajibu kwamba diski inasomeka tu, haiandikiki. Hiyo huwa dalili ya diski inayokufa, na ndiyo maana hata ujumbe wa hatari haukutumwa: mlinzi hakuwa na mahali pa kuuandika kabla ya kuutuma. Nakala za taarifa tulikuwa tukizivuta kuja Musoma mwisho wa wiki tu. Vipimo na dozi za wagonjwa wa wiki nzima, wa kifua kikuu wakiwemo, vilikuwa ndani ya diski ile peke yake.

"Usijali, Mama," alisema yule mganga. "Naizima naiwasha, itakaa sawa."

Wote tunafanyaga hivyo, kwa redio, kwa friji, kwa kila kitu. Nilipiga kelele mpaka Mhasibu akaja mlangoni: "Daktari, toa mkono kwenye swichi! Ikilala hiyo haiamki!"

Akautoa. Nikaandika amri ya kunakili kila kitu kuja Musoma, nikakaa nikitazama majina ya mafaili yakipita, nikiomba Mungu umeme usikatike. Hakuna jina lililopotea. Tulipoizima baadaye, diski haikuzunguka tena.

Mkurugenzi alikuja mwenyewe chumbani kwangu. "Umeona?"

"Nimeona, Mzee. Nakushukuru."

"Basi hustaafu wewe. Ukiondoka nani ataziangalia?"

Maneno yale yalinifurahisha, kisha yakanitisha. Miaka iliyobaki nilifundisha mtu katika kila kituo: kuwasha, kuandika masharti, kusoma majibu. Waliharibu, wakatengeneza, wakaacha kunipigia simu.

Siku ya kustaafu, utaratibu ulitaka jina langu lifutwe kwenye seva zote. Aliyenirithi, Neema wa Bunda, alisita. "Mama, nifute kweli?"

"Futa, mwanangu."

Akafuta. Nikajaribu kuingia kwa mara ya mwisho, na mashine niliyoilea mwenyewe ikanikatalia. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, nikachukua mkoba wangu nikaenda zangu nyumbani Nyasho.