Makofi Yaliyouza Bonde

Nyamizi alipiga makofi kwa mikono yake mwenyewe, na hilo ndilo lililomuunguza roho. Miezi mitatu iliyopita afisa kutoka wilayani alikuja kijijini kwao, Kata ya Nyakahura, kueleza sera mpya ya ardhi: sasa wananchi watashirikishwa, hakuna tena kupangiwa mambo mezani. Aliongea saa mbili, watu juani. Alipomaliza, mwenyekiti wa kijiji akasema, "Makofi kwa mgeni wetu!" Wakapiga. Mgeni ananyimwaje makofi? Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao hawakulelewa hivyo.

Kumbe makofi yale yaliandikwa. Leo, kwenye mkutano mkuu mwingine, mtendaji wa kijiji alikuwa akisoma muhtasari wa ule uliopita, mbio mbio kama mtu anayekimbia mvua: "Ajenda namba nne. Bonde kutengwa kuwa eneo la uwekezaji. Wananchi wote waliridhia kwa makofi."

Bonde! Ndiko Nyamizi alikolima mpunga wa kula mwaka mzima, ndiko ng'ombe wao walikokunywa maji kiangazi. Siku ile halikutajwa hata mara moja. Ushirikishwaji gani huu, wa kuwaita watu wachomwe na jua, kisha adabu yao igeuzwe sahihi? Heri jambazi, yeye akikupora hakuombi umshangilie.

"Wanaothibitisha muhtasari wanyooshe mikono," alisema mwenyekiti.

Mikono michache ilipanda. Wa kwanza ulikuwa wa Ngassa, mume wa Nyamizi, maana yule afisa alikuwa amekaa meza ya mbele, na Ngassa hajawahi kumkatalia mtu aliyevaa koti.

Nyamizi alisimama. "Mwenyekiti, bonde hatukulijadili. Makofi tulimpigia mgeni, tena kwa sababu ulituambia."

"Mayu, mama yangu, kaa chini. Mumeo ameshathibitisha. Nyumba yenu imesema."

"Nyumba haina mkono. Mimi ninao. Uliza wanaopinga."

"Muda umekwenda."

"Uende. Sisi tupo."

Ngassa alimvuta kitenge. "Unatuaibisha mbele ya mgeni!"

"Mwakani watoto utawapikia makofi?"

Alisema kwa sauti ya kuitia ng'ombe, na mkutano wote ulisikia. Recho, jirani yake, akasimama. Kisha wanawake wa safu nzima, kisha wachungaji waliokuwa wamejikalia nyuma na fimbo zao. Afisa alimnong'oneza mwenyekiti kitu, na mwenyekiti, uso umemkunjamana, akauliza wanaopinga. Mtendaji alihesabu mpaka akafika mia moja na kumi na nne, akachoka, akasema inatosha.

"Haitoshi," alisema Nyamizi. "Andika."

Akaenda mbele, akasimama kando ya meza mpaka mtendaji alipoandika kwamba muhtasari umekataliwa na kwamba bonde ni la kijiji. Akamtaka asome kwa sauti. Mtendaji akasoma.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Ngassa alitangulia mbele peke yake. Nyamizi naye hakumwomba radhi.