Kitanda cha Ghalani

Kipkemei alichunga kondoo wa mzungu huko juu, upande wa Kuresoi, na alikuwa mtu wa kujali usafi kupita kiasi. Kondoo akichinjwa na mapafu yakaonekana yana vifuko vya maji, hakukubali yaliwe na mtu. Aliwatupia mbwa. Mbwa hao hao walilala mlangoni kwake na kumlamba mikono, na nani angedhani kuna ubaya hapo?

Mwaka wa hamsini na sita akaanza kukohoa. Siku moja malishoni kikohozi kilimbana mpaka akatoa maji ya chumvi yenye vipande vyeupe, kama utando wa yai. Baadaye ikafuata damu. Basi majirani wakaamua wenyewe: kifua kikuu. Mkewe, Chemutai, alikuwa na mimba waliyoingoja miaka mingi, na hakutaka kubahatisha. Akamtandikia mumewe ngozi ghalani, juu ya magunia ya mahindi yaliyonyeshewa, akamtengea kikombe na sahani. Roho ilimuuma, lakini alijikaza.

"Huku mtoto atakuwa salama, mzee," alimwambia.

"Ni sawa, Chemutai. Hata mimi nilikuwa nataka kukwambia hivyo."

Cheptanui akazaliwa. Baba yake alimwona kwa mbali tu, mama akimwinua mlangoni pa nyumba, yeye amesimama mlangoni pa ghala akitabasamu kama mjinga. Mahindi yale yalishika ukungu wa kijani, na vumbi lake lilipanda kila alipojigeuza. Sindano za kifua kikuu alichomwa mpaka akashindwa kukaa. Damu ilizidi tu, mwishowe lori la shamba likampeleka hospitali Nakuru.

Daktari alitazama picha ya kifua kwa muda mrefu. Wanyoike, dresa wake wa kufunga vidonda na kutafsiri, ndiye aliyemweleza Chemutai.

"Mama, hii si TB. Ni mdudu ya mbwa. Mbwa anaipata kwa mapafu ya kondoo, na mtu anaipata kwa mbwa. Ilimjengea kifuko ya maji kwa kifua, kifuko ikapasuka, ikaacha shimo. Sasa ukungu imeota ndani ya hiyo shimo. Yeye hulala wapi?"

"Kwa stoo. Juu ya mahindi."

Wanyoike alimtafsiria daktari, na daktari akafumba macho.

"Kesho atapasuliwa, kama atakuwa na nguvu," Wanyoike alisema. "Lakini hii ugonjwa haishiki mtu kutoka kwa mwenzake. Hata mtoto angelala na yeye."

Chemutai alijichukia pale pale, chuki ya kweli. Akaingia wodini, akamfungua mtoto mgongoni.

"Mshike, mzee."

Kipkemei alivuta blanketi mpaka mdomoni, akageukia ukuta. "Mtoe hapa."

"Daktari amesema haiambukizi."

"Hata yule wa sindano alisema nitapona."

"Mimi ndiye nilikosea. Mimi ndiye nilikuweka kule."

"Hukukosea." Alimtazama mtoto kwa upande wa jicho. "Si unaona vile amenona?"

Chemutai alimbembeleza hadi saa ya wageni ikaisha. Mume hakukubali hata kuguswa kidole.

Alfajiri, kabla ya kupelekwa kupasuliwa, damu ilifurika kifuani ikamkaba. Wanyoike alipokwisha kumpangusa uso, Chemutai alimlaza Cheptanui kifuani pa baba yake. Safari hii hakukatazwa.