Joho la Kaka Rama Lilivyooga Ziwani

Nacheka sasa hivi kwa sababu yameisha, ila wiki ile, wallahi, nilikuwa napita ufukweni Kibirizi nimeshusha kofia mpaka puani, maana kila mama muuza dagaa akiniona anaita, "Profesa, umeshakauka?"

Ilikuwa hivi. Kaka yangu Rama ndiye wa kwanza mtaani kwetu Ujiji kumaliza chuo kikuu, na siyo hivi vyuo vya juzi, ni kile kikongwe cha Dar ambacho wakubwa wa nchi wamepita. Mama mguu unamsumbua, mahafali hakwenda, basi Rama akapanda treni na joho lake ili mama amuone nalo kwa macho (mama alilia, mimi nilisema ni vumbi limeniingia). Ila joho lenyewe la kuazima. Rama akanionya, "Sudi, hili lisiporudi zima, cheti sipewi. Usiliguse."

Sasa mtu wa darasa la saba, mbeba magunia ya dagaa, umwambie asiguse joho! Rama kaenda Ilagala kumsalimia shangazi, mimi nikajisemea picha moja tu, ya ziwani, hata lenyewe lipate hewa.

Nikatokea Kibirizi nimelivaa, na kofia yenye kishada juu. Watu wakajaa. Mama Zawadi, ambaye magunia yake ndiyo nabeba, akashika kiuno. "We Sudi, si jana tu ulikuwa na gunia langu kichwani?"

"Nilikuwa kwenye utafiti, mama."

Wakacheka, na mimi watu wakicheka ndiyo naharibika kabisa. Nikapanda ukingoni mwa mtumbwi uliofungwa pale, nikahutubia, "Ndugu zangu! Chuo chetu kilikuwepo kabla baba zenu hawajaota ndevu! Madawati yale wamekalia mawaziri, ukikaa unakuta bado ya moto! Pale hata mbu anapiga hodi kwa Kiingereza!"

Kijana mwenye simu ya picha akasema, "Profesa, rudi nyuma kidogo, kishada hakionekani." Nikarudi. Nikarudi tena. Huko nyuma mtumbwi ulikuwa umeisha.

"Msomi kazama!"

Kuogelea najua tangu mtoto, lakini mikono ya joho imejaa maji kama magunia mawili, huku mgongoni limevimba hewa, naelea tu kama boya. Wavuvi wakanirushia wavu wa dagaa, wakanivuta, na Mama Zawadi badala ya kunihurumia anapiga kelele, "Mtoeni taratibu, mkubwa huyo, leo tutauza!" Kofia nayo ikashika njia ya Kongo, ikabidi mtumbwi uifukuze.

Nikalisuuza, nikalianika palipokuwa na nafasi, yaani kwenye chanja za dagaa. Lilikauka vizuri, halikuchanika, weusi uleule. Tatizo harufu. Nikalimwagia manukato ya mama, ndiyo likanuka kama dagaa wanaokwenda harusini.

Rama aliporudi akalinusa, akakaa chini. Angenipiga ningeshukuru. Alisema tu, "Miaka mitatu, Sudi," akalikunja, kesho yake akapanda treni.

Siku hizo mama ananiuliza joho lilikuwaje, nababaika. Mpaka Rama akapiga simu, nikapokea nikiwa Kibirizi na gunia begani.

Anasema mzee anayepokea majoho alilichukua, akakagua mikono, akageuza kola, halafu akalipeleka puani. Rama jasho linamtiririka. Mzee akainua uso, akatabasamu, akasema, "Mwakeye!"

Salamu yetu ya Kiha! Huko Dar!

"Akaniuliza," Rama anacheka, "hawa dagaa ni wa Kibirizi au Katonga? Cheti ninacho mkononi, mjinga wewe."

Nikashusha gunia, nikalikalia. Joho nitalivaa tena siku nikilisomea mwenyewe, na mwenye picha atanikuta nchi kavu.

"Profesa, mbona unalia?" akauliza Mama Zawadi.

Nikamwambia ni vumbi.